Panya wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishatoa hukumu kabla sijawasha gari. Nikifika Kasansa bila kukwama, funguo za pikapu zinabaki kwangu. Nikikwama, anapewa shemeji, mdogo wake mume wangu. "Mwanamke na usukani wapi na wapi!" Shemeji akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia ya mchele wa harusi ya wifi, anachekelea. Nilitamani nimwache hapo hapo kijijini Mamba.

Hatukufika mbali, gari likaishiwa nguvu. Kilima kidogo tu linagoma. Mama akaanza kunyanyua miguu, mara huu mara ule. "We binti, unanipika? Chini kunaunguza!" Halafu ikaja harufu ya nyama choma. "Na huko porini nani anachoma nyama?" akauliza, mate yamemjaa.

Nikasimama. Shemeji akaruka chini, mkono ameshaunyoosha kudai funguo. "Injini imekufa hiyo, shemeji."

"Imekufa kichwani mwako!" Maji ya rejeta yalikuwepo, feni inazunguka. Ila bomba la ekzosi pale karibu na injini lilikuwa jekundu. Nikamwambia shemeji akanyage mafuta, nikaenda nyuma kuweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Moshi ulitoka kiduchu, tena kwa kubembelezwa. Basi, nikajua. Ekzosi imeziba, joto halina pa kutokea.

Tukasubiri ipoe. Mama, ambaye hakosi kuchungulia kila nifanyacho tangu niolewe, akaenda kusimama mbali. Nikakunja ncha ya waya, nikaingiza, nikavuta. Likatoka gunzi la muhindi, limeungua nusu, limeviringishwa kipande cha kanga ninayoijua vizuri sana. Nikagonga bomba, akafuata panya, ameiva.

"Mama?"

"Aliingia humo jana jioni. Nikamziba asirudi kwenye mchele." Alikuwa anatazama miti. "Nikapitiwa kukwambia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kile kilima gari lilikipanda bila kusukumwa.

Kasansa wanawake walitupokea kwa vigelegele. Mama akanipokonya funguo mkononi. Ndiyo ananinyang'anya hivi, mbele za watu? Akaziinua juu.

"Gari limetufia njiani, mkwe wangu kalitengeneza mwenyewe! Kuanzia leo ni lake, mtu asimsumbue!" Akanirudishia. Shemeji akainama kushusha magunia.

Halafu, bila aibu hata chembe, mama akaongeza: "Ila panya nimemkamata mimi."