Nyayo za Mama Feza

Amisa, jirani yetu hapa Nyangwe, alikuja asubuhi kuomba moto, akanong'ona: "Usinunue tena kome ya Mama Feza. Mama yule iko na ugonjwa ule wa kufisha ngozi. Muganga wa serikali akimuona, atapelekwa kambini kwa wakoma, na kule haturudishiwi mutu."

"Nani alikuambia?"

"Weye na masomo yako! Ngoja mutoto wako aote mabaka, ndiyo utaamini."

Nikampa kaa la moto aende zake. Nilipomzaa Heri maziwa yalikataa kutoka, na ni Mama Feza aliyenilisha. Kila siku alileta kome aliowachemsha mpaka wakafunguka, akawatoa kwenye magamba na kuwapika kwa mawese. Mchuzi ule niliunywa huku nalia, na maziwa yakaja.

Kiangazi, mto wetu Lualaba ukipungua, sisi wanawake tunaingia mpaka magotini kutafuta kome. Macho hayasaidii, maji ni ya udongo. Zinazotafuta ni nyayo: unakanyaga polepole, ukisikia ukingo mkali umesimama mchangani, unainama. Zamani Mama Feza alijaza kikapo kabla sisi wengine hatujafunika hata kitako cha vikapo vyetu.

Siku ile ya maneno ya Amisa nilimfuata mtoni, Heri mgongoni. Alikanyaga, akapita. Palepale alipoondoa mguu nikaokota watatu, kisha wanne. Tulipotoka majini kisigino chake kilikuwa kimepasuliwa na gamba, damu inaingia mchangani, naye anacheka tu: "Mama Heri, leo umenishinda! Nitakuita mwalimu."

Nikamwonyesha kisigino. Alikitazama kama cha mtu mwingine, kicheko kikamwisha.

"Tangu mvua zile za kwanza," akasema. "Nasikia maji kwenye magoti. Chini, hapana."

"Kambini kuna dawa, mama."

"Kuna dawa. Kule muto hakuna."

Alifunga kidonda kwa kipande cha kitenge. Jumatatu muganga wa serikali angekuja kukagua kijiji kizima, na wote tunajua anavyofanya: unafumba macho, anakugusa kwa sindano, unasema ni wapi.

Mama Feza alinyoosha mkono kumshika Heri mguu, akaurudisha kabla haujafika.

"Mwanangu, Jumatatu usimame karibu yangu. Akigusa mguu wa kuume, ukohoe mara moja. Wa kushoto, mara mbili."