Mfarishi Ulioshinda Mkasi

Habari aliniletea dereva wa lori la korosho lililotoka Mtama: shangazi wa mke wangu ametutoka. Mke wangu alilia. Mimi, wasomaji wangu, nakiri nilitabasamu kwanza ndipo machozi yakaja, kwa sababu yule mama aliwahi kunishinda sebuleni kwangu mwenyewe, mbele ya mgeni.

Marehemu mama yake alikuwa bingwa wa kudarizi. Alipofariki, wanandugu waligawana vitambaa vyake vinane, kila nyumba kimoja, maana sisi tukigawana tunagawana mpaka upawa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa na maduka ya Lindi yamefurika vitambaa vya nailoni vyenye maua ya kumetameta. Shangazi akanunua vya kutosha, akaenda Milola, akapanda Rondo, na kila nyumba akatoa kipya akachukua kikuukuu. Walimcheka kwamba amepunjika. Yeye alitaka kazi zote za mama yake ziungwe ziwe mfarishi mmoja, ujazwe pamba, ajifunike uzeeni.

Kilibaki chetu, kilichofunika redio kaseti. Nilikataa. Nilikuwa nimetoka kuandika kwenye safu hii kuwakemea wanaotupa kazi za mikono kwa ajili ya nailoni. Ningeweka wapi uso wangu? Hakubishana. Akaanza kuja kila Ijumaa.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mkwe.” Kisha anaigeukia redio, anapiga goti. “Shikamoo, mama. Wamekuweka pazuri? Makelele hayakusumbui?”

Siku moja alimkuta mwalimu mkuu amekuja kunitembelea. Mwalimu, mtu wa adabu zake, naye akainuka akaiamkia redio. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa iliyofuata akakiinua kitambaa, akaona duara la kikombe changu cha chai. “Makala yako nimesomewa, mkwe,” akasema taratibu. “Umesema kazi ya mkono iheshimiwe. Mama alijichoma vidole kwa hiki. Wewe umemwekea kikombe juu.” Nilikikunja mwenyewe, nikampa, na nailoni yake nikaipokea.

Kazi akampa fundi cherehani wa Mtama, ambaye tangu mitumba iingie alikuwa anashona mifuko ya shule tu. Mwezi mzima walijifungia, na hakuna aliyeambiwa kitu.

Juzi, baada ya arobaini, tulikaa kugawana vitu vyake. Mfarishi ukatandazwa mkekani, na kwa haki ile ile ya siku zote ikaamuliwa ufumuliwe, kila nyumba irudishiwe chake. Basi kila mmoja akaanza kukitafuta chake. Tausi aliyedariziwa kwenye kitambaa cha Rondo, kichwa chake kilikuwa kona hii, mkia kule. Ua la Milola lilikuwa limesambaa pande nne. Duara la chai yangu lilikuwa nusu huku, nusu kule. Wazee waliuzunguka wakiinama na kushika viuno.

Fundi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akacheka. “Alinifanya nikate kila kitambaa vipande vinne nivichanganye. Nilikataa, nikamwambia, mama, tunaharibu. Akasema, ‘Kata, baba. Nikiviacha vizima, hawa watanifumua.’”

Ikaamuliwa mfarishi ubaki nyumbani kwake, ajifunike yeyote atakayelala pale.

Nimeandika miaka mingi kutetea kazi za mikono. Ukiwa na kitu unachokipenda kweli, ndugu msomaji, usituachie sisi watetezi; kishone mwenyewe, ukijua wanaokupenda watakuja na mkasi. Nasema hivi kwa aibu, kwa kuwa siku ile wanandugu walitafuta mtu msomi na mpenda haki wa kushika mkasi wa kufumulia, na mkasi huo ulikuwa mkononi mwangu.