Chupa Tatu za Funza

Siku niliyoripoti Bariadi, enzi hizo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, Afisa Vijana aliyesimamia mradi wa wafadhili alinikabidhi sanduku la chupa tupu za jamu.

"Maabara yako hiyo," akasema. "Vijana waliomaliza la saba wamechoka na hotuba. Wafundishe sayansi kwa mikono."

Nilianzia Malampaka, kisha nikahamishiwa kijiji kimoja jirani na Kimali. Tulichuja maji ya lambo kwa mchanga na mkaa, tukaotesha mbegu kwenye kitambaa kibichi. Kila jaribio lilikuwa na chupa ya kulinganisha, ile isiyotiwa kitu, ili tujue badiliko limeletwa na nini.

Soko huria lilipoingia, dawa ya pamba haikuletwa tena na ushirika tu. Yeyote mwenye duka aliuza. Msimu mmoja wakulima walinyunyiza dawa ya Masunga, muuza duka wetu, lakini funza wakazidi kutoboa vitumba. Lawama zikamwangukia bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mjukuu wake, Nkwimba, alikuwa kwenye kikundi changu.

"Mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "sungusungu wamemwita bibi. Wanasema anawalea funza. Tuwafanyie jaribio waone."

Nilimweleza Afisa Vijana. "Ukigusa uchawi, mradi utafungwa," akanionya.

Nilikwenda mkutanoni hivyo hivyo. Nilijua wanawake walioitwa wachawi kwa macho mekundu waliishia kukatwa mapanga.

Mbele ya mkutano, Nkwimba aliweka funza na majani ya pamba katika chupa tatu. Majani ya kwanza aliyanyunyizia maji, ya pili dawa ya Masunga, ya tatu dawa ya ushirika iliyobaki kwa mzee mmoja. Kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, akazilinda mwenyewe.

Kesho yake asubuhi funza wa chupa ya tatu walikuwa wamekufa. Katika zile mbili nyingine walikuwa wakitafuna.

Masunga alisimama. "Nami niliuziwa Mwanza. Nimeinyunyiza hiyo hiyo shambani kwangu."

Bibi akauliza polepole, "Basi, naweza kwenda nyumbani?"

Masunga alikiokota kigoda cha bibi, akamsindikiza.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama sayansi iliumaliza uchawi pale. Haikuumaliza. Wapo waliosema bibi aliziroga hata chupa. Mradi nao ulifungwa baadaye, wafadhili walipoondoka. Lakini bibi yule aliishi miaka mingi, akafa kwa uzee, kitandani mwake, Nkwimba akiwa kamshika mkono. Katika majaribio yangu yote, sijapata matokeo mazuri kuliko hayo.