Ufagio Mlangoni

Dereva wa trekta la theluji si msemaji. Mikono yake inanuka dizeli, kahawa huinywa amesimama. Kila asubuhi huondoa theluji kwenye nyua zote, hata za waliokufa, kisha huegemeza ufagio kwenye milango yao, kama wafanyavyo watu wa huku wanapotoka, mgeni asije akabisha hodi bure.

"Si tulimzika Hilja wewe na mimi?" Bibi Aune alimuuliza majuzi. "Ufagio wa nini tena?"

"Katoka, bibi."

Leo gari la makao ya wazee limemfuata Aune mwenyewe. "Nitarudi theluji ikiyeyuka," anamwambia. Dereva wa trekta anatikisa kichwa kukubali. Kupitia dirisha la gari Aune anamwona akiegemeza ufagio, akiusukuma kwa kidole kuhakikisha upepo hautauangusha, kwa uangalifu uleule wa mlangoni kwa Hilja.