Wawili Tu, wa Mboga

Wifi yangu Somoe hakuwahi kusema kweli kuhusu pweza tangu alipoolewa kwetu, na aliyemfundisha uongo huo ni mimi, Kuluthumu, dada wa mumewe. Siku ya kwanza nilipompeleka mwambani nilimpa mchokoo, fimbo ya kuchokolea pweza, nikamwonyesha shimo lenye maganda ya chaza mlangoni, maana pweza ni mlaji asiyejua kufagia. Halafu nikamwambia: ukirudi na kapu lako, atakayekuuliza umepata wangapi, mjibu wawili tu, wa mboga. Hata wakiwa ishirini. Hata kapu likikuvunja shingo. Pwani yetu ndivyo ilivyo, riziki ya mwambani haitajwi hesabu, ukiitaja umeliita jicho la hasidi. Anayeniuliza anajua namdanganya, nami nikimuuliza ananidanganya, na tunaishi vizuri tu.

Somoe alishika somo. Ni mwanamke mwembamba, mdomo mkali, ana watoto wanne na mume, kaka yangu Ossufo, ambaye mguu wake mbovu haumruhusu kwenda baharini. Vita vilipotufukuza tulikaa mjini Pemba, si kile kisiwa, miaka mitatu chini ya maturubai. Tuliporudi hatukukuta mabati, hatukukuta masufuria, hata mlango wa choo waporaji walikuwa wameondoka nao. Mwamba peke yake ndio tulioukuta mahali pake. Kila bamvua, maji yakipwa hadi mbali, Somoe huingia na kapu lake, na nyumba ile inakula. Asipoingia hawali. Hakuna hadithi nyingine.

Basi akaja Nélio. Kijana wa projeto, mradi wa kutunza bahari, mpole, kanyolewa vizuri, fulana yake ina picha ya kasa anayecheka. Mimi nimewaona kasa tangu utotoni na sijamwona hata mmoja akicheka. Alibeba tableti yenye maswali, na kila bamvua alitusubiri ufukweni tukitoka majini, tumelowa, tuna njaa, atuulize habari za maumbile.

"Mamá Somoe, hali ya hewa imebadilika?"

"Imebadilika, mwanangu. Asubuhi palikuwa na baridi, sasa jua hili."

"Muito bem, vizuri sana. Na kasa huishi miaka mingapi?"

"Nitajuaje? Kwani nilimzalisha mimi?"

"Muito bem. Ukimwona nguva unafanya nini?"

"Kwanza namsubiri yeye anikaribishe, mimi ni mgeni kwake."

Kila jibu aliliandika. Ungemwambia mvua huletwa na mama mkwe angeandika muito bem. Siku moja alituambia kuwa pweza ana mioyo mitatu. Somoe akashika kiuno.

"Mitatu! Na katika yote mitatu hana hata mmoja wa kunionea huruma? Hebu tazama vidole vyangu hivi."

Tulicheka mpaka tukakaa mchangani. Lakini swali la mwisho lilikuwa lilelile kila mara: bamvua hii umepata pweza wangapi? Kapu la Somoe lilikuwa pale miguuni pake, limefunikwa kapulana, nguo yake ya kujifunga, na mkono mmoja wa pweza umetokeza chini unagusa kiatu cha Nélio.

"Wawili tu," akasema Somoe. "Wa mboga."

Nélio akaandika mbili. Akaja kwangu, nami nikamwambia wawili. Wanawake thelathini, wawili wawili, mwaka mzima. Huyu kijana alisoma shule kubwa, lakini hakuwahi kuinamisha shingo aone ndani ya kapu. Labda kwenye tableti hapakuwa na swali la kapu.

Mwaka ulipokwisha alituita kwenye baraza ya shule. Alikuja na bango la hesabu zetu, lenye mstari uliolala kifudifudi. Akasema kwa huzuni, na ilikuwa huzuni ya kweli, maana Nélio ni mtu mwema, kwamba mwamba wetu unakufa. Mwanamke mwenye uzoefu anatoka na pweza wawili! Kwa hiyo kuanzia bamvua ijayo mwamba utafungwa miezi sita upumzike. Tukiwa na la kusema, turudi kesho yake, ndipo aandike ripoti.

Nikamtazama Somoe, naye alikuwa anahesabu kwa vidole ile miezi, mmoja mmoja, hadi sita. Jioni alikuja kwangu na hakukaa.

"Wifi, niseme?"

"Useme nini? Nyamaza! Unataka jicho litumalize?"

"Jicho au njaa, wifi. Nichagulie."

"Mimi sichagui. Riziki haitajwi."

"Riziki ipi? Si wameshaifunga?" Akaondoka, na kwa mara ya kwanza wifi yangu hakuniaga.

Kesho yake pale barazani akasimama kabla hata Nélio hajafungua tableti.

"Mwanangu, nilikudanganya. Bamvua iliyopita sikupata wawili. Nilipata ishirini na sita."

Yaa Rabi! Bi Hafsa, mkubwa wetu sote, alijifunika uso kwa ushungi. Mwingine akatema mate pembeni mara tatu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nélio akakuna kichwa.

"Lakini mamá, jibu la mtu mmoja halitoshi. Na wenzako je?"

Wenzake tukaangalia chini. Thelathini tulikuwa pale, na kila mmoja aliona kitu cha maana kwenye kidole chake cha mguu. Somoe alibaki amesimama peke yake kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Nikakumbuka nani alimfundisha. Nikaona haya, na mimi nikiona haya nakasirika.

"Ishirini na mbili!" nikapiga kelele. "Haya, umefurahi? Ishirini na mbili, na mmoja alikuwa mkubwa kuliko wewe!"

Basi wakafumuka. Kumi na tisa! Thelathini! Walioficha mwaka mzima sasa walishindana kutaja. Zaida, ambaye mchokoo anaushika kama mwiko, akasema arobaini, na hakuna aliyemsuta kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja zamu yake. Hata Bi Hafsa akafunua ushungi akasema kumi na saba, halafu akafikiri kidogo akaongeza tano. Nélio aliandika mpaka macho yakamlenga machozi.

"Mficha uchi hazai, mamá zangu!" akasema. Alikuwa amefundishwa methali hiyo mahali fulani na akaiweka akiba.

Mwamba haukufungwa. Tulipiga vigelegele, Somoe akabebwa, na mimi nikamwambia Bi Hafsa kwamba unaona, hilo jicho liko wapi. Nélio alifurahi kutuzidi. Ripoti yake ikasomwa redioni, Kireno na Kiswahili, kwamba mwamba wetu ndio wenye pweza wengi pwani nzima, na jina la kijiji likatajwa mara mbili, polepole, asiyekijua akijue. Kisha projeto wakatuwekea kibao njiani kabisa, chenye picha ya pweza na mshale.

Mshale ule ulifanya kazi. Bamvua iliyofuata walikuja watu wa Quiterajo, mitumbwi kumi na miwili. Wakaja vijana wa ng'ambo ya mto wa mpakani waliovukia Namoto, wana miwani ya kuzamia na masanduku ya barafu, na mchuuzi wao, Husseni, akakaa kwenye kiti chini ya kibao chetu. Wakaja hata watani zetu wa Awasse, watu wa bara, mmoja kabeba jembe. Wallahi, jembe! Nikamuuliza anakwenda kupalilia pweza? Akanijibu kwamba redio ilisema wapo wengi. Tungewafukuzaje, na sisi ndio tuliotangaza? Sisi tunachokoa shimo kwa mkono na kuliacha zima, pweza mwingine apate nyumba. Wao walipindua mawe kwa nondo na kuyapasua. Bamvua mbili tu zilitosha.

Bamvua ya tatu wakaondoka kutafuta mwamba mwingine uliotajwa redioni, na sisi tukaingia peke yetu. Nilimwona Somoe akienda kwenye mashimo yake ninayoyajua kama ninavyojua vyungu vyake, lile la jiwe jekundu, lile la mkondoni, na kila alipofika aliinama, akachokoa, akasimama. Hakuacha mpaka maji yalipomfika kiunoni. Nyumbani Ossufo alikuwa ameshateleka chungu.

Nélio alikuwa ufukweni na tableti yake, anatabasamu.

"Mamá Somoe, umepata wangapi leo?"

"Wawili," akasema Somoe.

Nélio akacheka kicheko kizuri cha mtu wa nyumbani.

"Wa mboga, siyo? Ah, mamá, mimi si mgeni tena. Mila zenu nazijua." Akamkonyeza, akaandika ishirini na sita, akasema muito bem.

Somoe akafunua kapulana amwonyeshe, lakini kijana alikuwa ameshageuka anamuuliza Zaida kama hali ya hewa imebadilika. Nikachungulia mimi. Walikuwa wawili kweli, wadogo, hawajazi kiganja cha mtoto. Somoe akanishika mkono, na ule mdomo wake mkali sikuuona.

"Wifi," akaniuliza, "wakiwa wawili kweli, mtu anasemaje?"

Hilo sikuwahi kumfundisha.