Mpiga Ngoma na Ndoo Yangu ya Kudekia

Mpiga ngoma wa kikundi cha dansi hakai mpaka abishe hodi kwa kila kitu. Atagonga mlango, kiti, bomba, mfuniko wa sufuria aliokuja nao kwapani, kisha atainama aigonge ndoo yangu ya kudekia, maji yakiwa bado yamo. "Dada, hii usije ukaibadilisha," ananiambia. "Hii ina koo." Basi anaondoka nayo, nami nabaki na tambara mkononi, ukumbi nimeudeki nusu. Akipiga hatazami ngoma. Anatazama nyayo za wachezaji, mdomo wazi, kama mtu anayevusha watoto barabara.

Siku ya onyesho kulikuwa na sehemu ya kimya: wachezaji wanagaagaa sakafuni kwa mlio wa pumzi zao tu, naye kainua mikono juu ya ndoo, haipigi. Mama yake, aliyeketi mstari wa mbele, uvumilivu ukamwisha. "Mwanangu, piga! Wenzako wanateseka!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye, ambaye hata mwalimu wa dansi hathubutu kumwongezea pigo moja, akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama." Akaipiga ndoo mara moja, pa! Wachezaji wakasimama wima kama waliomwagiwa maji baridi. "Eeh, sasa ndiyo ngoma," mama akasema, akajiegemeza.

Mwalimu ameamua onyesho libaki hivyohivyo, na kelele za mama zimo. Siku mama akishindwa kuja, mimi naacha ufagio mlangoni, naketi mstari wa mbele, nasafisha koo.