Kimya cha Swafia

Ukishuka sokoni Ekero, karibu na Mumias, ukamuuliza mtu yeyote ni nani anayeshona kanzu za watoto wa madrasa, utaonyeshwa kibaraza cha Zeituni kabla hujamaliza kuuliza. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na mguu wake wa kulia hauachi kukanyaga cherehani hata anapoongea na wateja. Ameshona tangu usichana. Sindano na pasi ya makaa zimezifanya ncha za vidole vyake kuwa ngumu kama soli ya kiatu, na huepua sufuria ya obusuma, ugali wa kwao, jikoni bila kutafuta kitambaa.

Mumewe alifariki wakati mtoto wao wa pekee, Swafia, alipokuwa bado shule ya msingi. Zeituni hakuolewa tena. Alimsomesha Swafia kwa kanzu na mapazia, na kichwani mwake alikuwa amekwisha kupanga kila kitu: binti angemaliza kidato cha nne, angekaa kwenye cherehani ya pili, na kibaraza kingekuwa cha watu wawili.

Swafia hakutaka cherehani. Alitaka kwenda Doha, ambako wasichana wa Matungu waliomtangulia walikuwa wamepata kazi. Walibishana wiki nyingi. Siku ya safari, Swafia alisimama mbele ya kibaraza na begi lake.

"Mama, naenda."

"Nenda salama," Zeituni akasema. Hakuinuka. Mguu wake uliendelea kukanyaga, na nguo ikaendelea kupita chini ya sindano, mpaka pikipiki iliyombeba mwanawe ikapotea nyuma ya miwa.

Kabla ya kuondoka Swafia alikuwa amemwachia simu ya kupangusa, akaitia laini ileile iliyokuwa kwenye kabambe yake ya zamani ya vitufe. Ilikuwa bahati, kwa sababu wiki ya kwanza huko Doha simu ya Swafia ilianguka kwenye ndoo ya maji na namba zote zikapotea. Namba ya mama ndiyo pekee aliyokuwa nayo kichwani. Akanunua laini ya huko na kuanza kumtumia sauti kwa WhatsApp. Kupiga moja kwa moja kwa WhatsApp kulikuwa kunakataa huko aliko, na kupiga kwa kawaida kulimmalizia mshahara.

Aliyefungua sauti hizo alikuwa Nanjala, muuza omena na nyanya wa kibanda cha pili. Nanjala aligusa hapa na pale, sauti ya Swafia ikatoka, kisha akainyoosha simu mbele ya mdomo wa Zeituni kama mtangazaji wa redio.

"Haya, Mama Swafia, sema!"

Zeituni alikuwa akikohoa kidogo. "Sisi wazima. Kula vizuri. Mungu akulinde."

Hayo ndiyo yaliyokuwa majibu yake kila mara. Alikuwa na maneno mengine kuhusu ile siku ya pikipiki, lakini angeyasema vipi Nanjala akiwa ameishika simu, na wateja wa omena wamesimama wakisikiliza?

Kisha mama yake Nanjala akapooza upande mmoja, na Nanjala akafunga kibanda akaenda Khwisero kumuuguza. Zeituni akabaki na simu peke yake.

Alasiri moja alijaribu kuifungua mwenyewe. Aligusa jina la Swafia, simu haikusikia. Akagusa tena, kimya. Basi akakibonyeza kidole kwa nguvu na kukishikilia, kama mtu anayebonyeza kifungo kigumu cha koti. Jina likabadilika rangi, na juu ya kioo vikatokea vijipicha asivyovijua. Kwa hofu akabonyeza kimojawapo ili viondoke. Kweli vikaondoka, kioo kikatulia. Zeituni akashusha pumzi na kuirudisha simu kwenye droo, katikati ya vibiringo vya nyuzi. Hakuona kwamba jina la Swafia nalo lilikuwa limeondoka.

Tangu siku hiyo simu haikulia tena kwa ajili ya Swafia.

Mwanzoni alidhani binti ana kazi nyingi. Kisha akadhani amekasirika, na akaona ana haki ya kukasirika. Watu walipomuuliza habari za Swafia alijibu, "Tunaongeanga tu, hajambo." Aliona haya. Ekero nzima, hadi wauza ndizi, walikuwa wakitumiana picha na vichekesho, naye asimame katikati ya soko aseme hajui kufungua simu? Tena alikuwa ameonywa mara nyingi kwamba usimpe mtu simu yako, matapeli wamejaa. Kwa hiyo aliendelea kushona, huku redio ya kinyozi wa jirani ikitoa habari za wasichana wanaorudi kutoka Uarabuni wakiwa wagonjwa, au wakiwa ndani ya sanduku.

Idi ilipopita bila salamu kutoka kwa Swafia, Zeituni alishindwa. Alikwenda kwa Mustafa, shemeji yake, mwenye duka la vifaa vya shamba, akamwambia yote.

Mustafa alikuwa mtu wa huruma na wa haraka. Aliichukua simu, akapitisha macho kwenye majina ya WhatsApp. Jina la Swafia halikuwepo. Akampigia wakala aliyemsafirisha Swafia, namba haikupatikana. "Shemeji," akasema, "hii sasa ni ya serikali. Nenda Kakamega."

Zeituni alikwenda Kakamega. Ofisi aliyoelekezwa ilikuwa na watu wengi kwenye viti, na alipofikiwa, karani wa kiume alimwomba amwonyeshe mazungumzo yake ya mwisho na binti. Zeituni akampa simu. Karani akaangalia, akapandisha, akashusha.

"Hakuna kitu hapa, mama. Umeyafuta."

"Nimeyafuta mimi?"

"Simu haifutangi yenyewe."

Aliandika jina la Swafia, akamwambia asubiri kupigiwa. Zeituni alitoka akaketi kwenye ngazi za nje, katikati ya watu wanaopanda na kushuka. Kilichomwuma zaidi ya kimya cha miezi yote ile ni kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye aliyeikata kamba ya mwisho.

Jumatatu iliyofuata Mustafa alikuja kibarazani akiwa amevaa kofia yake nyeupe. Hakukaa.

"Shemeji, wazee wameongea. Ijumaa baada ya swala tusome dua nyumbani kwangu."

"Dua ya nini?"

"Ya Swafia."

"Ya kumwombea arudi, au ya kumwombea maiti?"

Mustafa akatazama chini, akazungusha funguo za duka kidoleni. "Mungu ndiye anajua," akasema.

Baada ya Mustafa kuondoka, Zeituni alishona pindo moja mara tatu na kulifumua mara tatu.

Ndipo alipomkumbuka Moraa. Moraa alikuwa mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari, mzaliwa wa Kisii, mteja wa siku nyingi ambaye sketi zake zote zilifupishwa pale kibarazani. Jumatano alasiri alikuwa akifundisha wanawake kutumia simu kwenye ukumbi mmoja Mumias, na alikuwa amemwalika Zeituni zaidi ya mara moja. Jibu la Zeituni lilikuwa moja: "Hayo ni ya watoto, mwalimu."

Jumatano hiyo alikwenda. Hakwenda kumtafuta Swafia, maana alikwisha kuambiwa kuwa hakuna kilichobaki. Alitaka kujua tu ni kwa kosa gani alikuwa amemfuta mwanawe.

Ukumbini kulikuwa na wanawake wa kila namna. Wengine walikuwa na simu zilizopasuka vioo, wengine simu mpya ambazo bado zimevikwa plastiki. Mama mmoja wa kanisani alikuwa ameifunga yake ndani ya leso kama yai.

"Msione haya," Moraa aliwaambia. "Si hapa Mumias tu. Dunia nzima, hata hizo nchi tunazozisifu, kuna watu wazima wengi wana simu nzuri mfukoni na kutuma ujumbe mmoja kunawashinda. Simu inauzwa kwenye boksi. Ujuzi wake hauji ndani ya boksi. Lazima mtu akufundishe, basi."

Wanawake wakacheka, na mabega ya Zeituni yakalegea kidogo.

Moraa alipita kwa kila mmoja. Alipofika kwa Zeituni alimtazama akibonyeza. "Mama Swafia, unaikandamiza! Vidole vyako ni vikavu, ndiyo maana haikusikii upesi. Pulizia pumzi kwenye kidole, halafu gusa na uachie, kama unaondoa uzi kwenye nguo ya mteja."

Zeituni akapulizia, akagusa, akaachia. Simu ikafunguka. Alishtuka, akamtazama Moraa kama aliyefanyiwa mazingaombwe.

"Sasa ukibonyeza na kushikilia," Moraa akaendelea, akiwageukia wote, "simu inadhani unauliza, nifanye nini na hiki? Inakuletea vijipicha hivi hapa juu. Hili pipa la taka ni la kufuta, na lenyewe litakuuliza kwanza kama una hakika. Lakini hiki kijisanduku chenye mshale hakifuti. Kinayapeleka mazungumzo stoo. Yanakaa huko kimya. Hata mtu akituma mapya, simu hailii."

Zeituni alikuwa amesimama. Hakukumbuka kuinuka.

"Mwalimu, hiyo stoo iko wapi?"

"Vuta orodha chini polepole. Umeona huo mstari mdogo juu ya majina yote?"

Aliuona. Aliugusa na kuachia. Jina la Swafia likatokea, na pembeni yake kiduara cha kijani chenye namba ya ujumbe ambao haujafunguliwa. Zeituni akashika benchi. Mama wa leso akamshika mkono.

"Nikufungulie?" Moraa akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Nionyeshe tu pa kugusa. Na pa kujibu."

Alipokwisha kuonyeshwa alitoka nje, akaenda nyuma ya ukumbi karibu na tangi la maji, ambako hapakuwa na mtu, akaiweka simu sikioni.

Swafia alikuwa akiongea. Alieleza joto la huko, na watoto wa tajiri wake waliokuwa hawataki kulala. Baadaye sauti ilibadilika: "Mama, naona hujasikiliza ya juzi. Uko salama?" Kisha: "Nanjala hayuko?" Kisha, baada ya siku nyingi: "Mama, bado umenikasirikia?" Alisema ameacha kazi ya nyumba na sasa yuko kwenye dobi ya hoteli, watu ni wema, analala vizuri. Siku ya Idi alisema, "Najua hutaki kuniongelesha. Mimi nitaendelea tu kukutumia." Zeituni alikuwa ameegemea tangi, ukaya wa kichwani umelowa machozi.

Ya mwisho ilikuwa ya jana yake. "Mama, mkataba wangu unaisha. Wananiuliza kama nitaongeza miaka mingine. Nadhani nitasaini. Sijui kama nikirudi huko kuna mtu ananingoja."

Zeituni akapulizia kidole. Alishikilia alama ya kipaza sauti, lakini alianza kulia akaachia mapema, na Swafia akatumiwa kwikwi tupu. Akashikilia tena.

"Swafia. Ni mimi mama yako. Niko peke yangu, hakuna mtu ameshika simu. Sikukasirika, mwanangu. Sikujua. Nilibonyeza vibaya, sauti zako zikaenda mahali sikujua kupafungua. Ile siku ulipoondoka nilitaka kuinuka, nikaogopa nikiinuka nitakushika begi nikunyime safari. Nisamehe. Usisaini kitu kwa sababu yangu. Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kurudi, rudi hata leo. Niko hapa nakungoja."

Akaachia. Alitazama vijialama viwili vya tiki chini ya sauti yake mpaka vikageuka buluu. Juu ya kioo kukaandikwa kwamba Swafia anarekodi. Kisha likaja jibu, nusu yake kilio na nusu kicheko.

"Mama! Nilidhani... Mama, sema tena. Sema tena tu chochote."

Waliongea hivyo, mmoja akituma na mwingine akijibu, hadi Moraa alipokuja kufunga ukumbi na kumkuta Zeituni ameketi juu ya jiwe, miguu ameinyoosha, anacheka peke yake. Moraa aliketi kando yake, akavua viatu, wakakaa.

Mustafa alipopigiwa simu jioni hiyo alisema "Alhamdulillahi" mara nyingi hadi sauti ikamkauka. Halafu kwa aibu akauliza, "Sasa hiyo dua ya Ijumaa? Watu nimeshawaita."

"Waje," Zeituni akamjibu. "Tutasoma ya shukrani. Na uchinje kuku, ingokho ya kweli, shemeji, usituletee chai tupu."

Watu walikuja, wakasoma, wakala. Walitaka kuisikia sauti ya Swafia. Zeituni alipitia sauti zote kichwani, akachagua ile ya watoto wasiotaka kulala, akaifungua mwenyewe mbele ya wote, wakacheka. Nyingine hakumfungulia mtu. Nanjala aliposikia habari hizo akiwa Khwisero alitaka kujua yote, na Zeituni akamwambia, "Wewe nitakutumia sauti yangu kwa simu," akafanya hivyo kweli.

Swafia hakusaini. Aliomba miezi michache tu ya kumalizia, kisha arudi, na mama yake akasema hata hiyo haina neno.

Jumamosi, baada ya ile Ijumaa, mteja mmoja alifika Ekero mchana kuchukua kanzu za wanawe. Alikuta mlango wa kibaraza umefunguliwa, cherehani imenyamaza, na Zeituni amelala juu ya kitambaa cha mapazia, akikoroma usingizi wa miezi yote ile, mdomo wazi, jua likimpiga miguuni. Mteja akaita mara moja kwa sauti ndogo. Kisha akaketi kwenye benchi, akaamua kungoja.